Jina lake bado sijalipata

Saa nne usiku. Stima imepotea tangu magharibi, mvua inapiga mabati utadhani inadai deni, na laptopu imebaki asilimia 18 kwa hivyo hii naiandika kwa simu, makosa mtanisamehe. Leo nilikuwa nimejiapia nimalize sura ya tatu ya ile hadithi yangu. Wapi. Nimeandika sentensi moja nikaifuta, nikachemsha chai, nikaiandika tena vile vile, nikaifuta tena.

Shida ni jina. Huyu dada wa hadithi hana jina mpaka leo na nimeshafika ukurasa wa 40.

Wacha nianzie mbali kidogo. Mimi kila asubuhi nashuka Kengeleni kubadilisha matatu, makanga anaita "Kengeleni, Kengeleni shuka!" na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza ni kengele gani. Kumbe si hiyo hapo kwenye mnara wake kando ya barabara, tunaipita kila siku tukiwa na haraka zetu. Ni kengele ya Frere Town, kile kijiji ambacho misheni ya Waanglikana ya CMS ilikianzisha 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash kukubali kufunga soko la watumwa Unguja. Meli za Waingereza zikikamata jahazi lenye watumwa huko baharini, watu wake walikuwa wanashushwa hapo Kisauni, wanapewa kiwanja, wanaanza maisha upya kati ya watu wasiowajua. Kengele ilikuwa inalia kwa ibada lakini pia inalia kwa hatari, usiku ukiisikia unajua kuna waliokuja kukurudisha ulikotoka.

Lakini dada yangu wa hadithi anakuja kabla ya Frere Town. Yeye anatoka Nasik, mji wa huko Uhindini.

Hii ya Nasik ndo iliyoninasa. Kabla ya 1875 watoto wengi waliokombolewa baharini walikuwa wanapelekwa Bombay. Yaani hebu fikiria mtoto wa Kiyao, ametekwa huko kusini upande wa Ziwa Nyasa, ametembezwa mpaka pwani, ametiwa jahazini, jahazi limekamatwa, na anaposhushwa anashushwa Bombay. Hapo wengine wakapelekwa Nasik, kwenye kituo cha misheni cha Sharanpur, wakafunzwa useremala na uhunzi na kushona na Biblia, wakakua wakiongea Kihindi na Kimarathi na Kiingereza, na walipobatizwa wakapewa majina. William Jones. George David. Ishmael Semler. Jacob Wainwright. Matthew Wellington. Huyo wa mwisho kwao alikuwa anaitwa Chengwimbe, ni mmoja wa wale waliobeba maiti ya Livingstone mpaka baharini, na alifia hapa hapa Mombasa 1935. Juzi tu hapo, babu ya mtu angeweza kumsalimia njiani.

Sasa mwaka 1864 misheni ikaamua kwamba hawa vijana wa Nasik ni Waafrika, ni Wakristo, wana kazi mikononi, basi wapelekwe Rabai, vilimani nje ya Mombasa, wakamsaidie mmisionari Rebmann, ambaye alikuwa huko tangu 1846 na waumini wake bado ni wa kuhesabu. Jones, David na Semler walikuwa wa mwanzo mwanzo. Na watu waliona hawa wamerudishwa kwao, Afrika. Mimi hapo ndo nacheka peke yangu kama mwendawazimu, warudishwe kwao wapi jamani? Myao na Rabai wapi na wapi? Ni kama umchukue mtu wa Mumias umpeleke Songea umwambie haya, karibu nyumbani.

Na nimetaja Mumias makusudi. Baba yangu ni wa huko magharibi ya Kenya, Mwanga kabisa, yaani Mluhya wa Wanga, alikuja Mombasa kutafuta kazi bandarini na akabaki. Mimi nimezaliwa Mombasa, nimekulia mahamri na mbaazi, Kiswahili changu ni cha hapa, lakini uchaguzi ukikaribia tu mimi ni mtu wa bara, hata jirani aliyenibeba mgongoni anaweza kusema "nyinyi watu wa bara" bila ubaya wowote, imemtoka tu. Alafu Desemba tukienda ushago, nikifungua mdomo binamu zangu wanakufa kwa kicheko, wananiita Mswahili. Kukhu, yaani nyanya yangu, Mungu amrehemu, alikuwa ananisikiliza nikijaribu Kiwanga changu kilichovunjika, anatikisa kichwa taratibu, kisha anamgeukia mama yangu: "Mtoto anasema nini?"

Kwa hivyo sikuanza hadithi hii kwa sababu ya historia, nisijidanganye.

Wiki mbili zilizopita nilienda Rabai. Unapanda matatu za kwenda Mazeras, unashuka hapo unachukua boda, na barabara inapanda vilima hadi unaona minazi imejipanga na upepo unabadilika. Nyumba ya Krapf, mmisionari mwenzake Rebmann, na ya Rebmann mwenyewe bado zimesimama, kanisa la zamani wamelifanya makumbusho. Nilikaa nje kwenye kivuli na daftari langu nikijaribu kumwona huyu dada akifika. Ana gauni la misheni. Ana sanduku la mbao lenye sindano na mikasi. Ngozi yake ni sawa na ya wanawake anaowakuta, pengine nyeusi kuwaliko, lakini wao wamevaa hando, ile sketi ya marinda, na yeye hajawahi kuiona hando maishani. Wao wanakula wari, yaani ugali, yeye mikono yake inajua chapati na dengu. Wao wakimwona wanajua kwamba huyu si Mzungu, na si Mwarabu, na si Mhindi, na akiongea si wa hapa, basi ni nani? Wamisheni nao wanamwona ni mwenyeji. Wanamtegemea awaeleze Warabai, yeye ambaye hata salamu yao haijui!

Tena Rabai yenyewe haikuwa uwanja mtupu unaosubiri mtu aje. Walikuwa na kaya yao, kile kijiji chao cha msituni, wazee wao, mnazi wao kwenye kila arusi na kila mazishi, mambo ya mvua na mavuno yote yana utaratibu. Krapf alipofika ndo yeye aliyepewa ruhusa ya kukaa, na alikuwa mtu aliyetoka kumzika mke na mtoto mchanga ng'ambo ya Mombasa mwaka 1844, kwa hivyo hata yeye hakufika akiwa mzima. Hiyo sitaiandika, imeandikwa vya kutosha. Mimi namtaka aliyekuwa jikoni.

Mwenzangu mmoja wa kanisani, ambaye ndo msomaji wangu wa kwanza na ana roho nzuri, aliniambia nimtafutie huyu dada mume wa Kirabai, aokoke, wafunge ndoa kanisani, yule bibi harusi ajue sasa amefika nyumbani. Sikumjibu vibaya. Lakini hizo nimezisoma sana, maktaba yetu ya kanisa imejaa hadithi za Wazungu za msichana aliyekulia kwa watu wengine huko Marekani, anarudishwa kwa ndugu zake, hakuna anayemwelewa, anatokea kijana mpole mwenye farasi na Biblia na kufikia ukurasa wa 300 kila kitu kimepona. Nalia kila mara, sikatai. Ila kitabu kikifungwa najiuliza, ile lugha aliyokuwa anaota nayo usiku imeenda wapi? Kuokoka kunafuta ndoto? Wokovu wangu mimi haukuninyooshea Kiwanga.

Na watu wenyewe wa Nasik maisha yao yalikuwa magumu kuliko arusi. Chukua William Jones. Huyu alikuwa mtumwa akiwa mtoto, sasa ni mtu mzima anayeangalia misheni ya Rabai, na watoro wanaanza kuja. Wametoroka kwa mabwana zao mashambani na mjini, wamesikia huko kilimani kuna watu wa Mungu. Wakubwa wa misheni hawataki matata na Waarabu wa Mombasa, watoro hawaruhusiwi. Sasa wewe uliyetolewa kwenye jahazi ukiwa mtoto, mama anakuja mlangoni usiku na mtoto mgongoni, utamwambia sheria gani? Wakaingia. Mmoja, wawili, mpaka wakawa mamia na mamia, na mwaka 1888 mabwana mjini wamechemka na ilikuwa karibu damu imwagike. Ilibidi George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya IBEA atoe pesa kuwalipa wenye watumwa, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati zao za uhuru. Zaidi ya elfu moja na mia nne! Hao wote walikuwa wanapikiwa na nani kabla ya hapo? Uji wa nani? Hapo ndo namwona dada yangu vizuri, moshi machoni, sufuria haitoshi, na kati ya watoro kuna mama wa Kiyao anamgombeza mwanawe, na huyu dada anashtuka mwili mzima kabla akili haijaelewa kwa nini ameshtuka. Hiyo sura itakuja, naiogopa lakini itakuja.

Iliyokwisha andikwa ni ya bendera. Niliirukia kwa sababu ilinikataza usingizi.

1885 Askofu Hannington aliwabariki Jones na Semler kuwa mashemasi hapo Frere Town. Mwaka huo huo akatoka na Jones na msafara mkubwa kwenda Uganda kwa njia ya Umasaini. Walipofika mahali msafara unapaita Kwa Sundu, askofu akatangulia mbele na watu wachache na Jones akabaki na mizigo akisubiri. Hannington aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba. Sasa nilipotafuta hapo Kwa Sundu ni wapi, kumbe ni kwa Shiundu, baba yake Mumia, mfalme wa Wanga. Ni kwetu! William Jones, Mwafrika aliyelelewa Uhindini, shemasi wa Rabai, alikaa wiki nyingi kwa baba zangu akingoja habari ya mtu ambaye hatarudi, akinunua chakula kwa akina mama wa Kiwanga, haelewi neno la lugha yao hata moja. Nilifunga laptopu nikatoka nje kusimama kidogo. Pengine hata yeye alifungua mdomo na bibi mmoja akamgeukia mwenzake akauliza, anasema nini huyu?

Aliurudisha msafara kwa miguu mpaka pwani. Waliingia Rabai Februari 1886, wamechakaa, na mbele ya msafara kuna bendera ya buluu ya maombolezo, imeshonewa herufi nyeupe: ICHABOD. Ikabodi. Iko katika Samweli wa Kwanza sura ya nne, utukufu umeondoka katika Israeli. Wote tunakumbuka huo mstari, lakini kwa nini mstari huo upo? Kwa sababu kuna mwanamke, mkwewe Eli, amesikia sanduku la agano limetekwa na mume wake amekufa, uchungu umemshika, amejifungua na anakufa, na hilo ndo jina alilompa mtoto. Ikabodi ni mtoto. Ni jina la yatima.

Kwa hivyo kwenye hadithi yangu dada amesimama njiani na wanawake wa Rabai, anajua kushona kwa hivyo kwanza anaona mishono, mishono mibaya ya wanaume waliokuwa na haraka. Wenzake wanamuuliza imeandikwa nini, yeye ndo msomaji wao. Miaka 22 sasa yuko Rabai, Kirabai anakijua. Angeweza kuwaambia utukufu umeondoka. Anawaambia, "Ni jina la mtoto." Wanamuuliza mtoto wa nani, na hana jibu.

Nilipomaliza hiyo ndo nikagundua sura ya tatu haiwezi kusonga. Kwa sababu nimeandika mwisho wa mtu anayesoma majina ya wengine na mimi la kwake sijui. La ubatizo naweza kulitunga sasa hivi, Mary, Lydia, Priscilla, ni dakika moja. Lile alilopewa na mama yake ndo silijui, na sitaki kwenda kuokota jina la Kiyao kwenye intaneti nimvike kama nguo ya mtumba. Pengine na yeye halikumbuki. Alichukuliwa mdogo sana. Musa alipokuwa mgeni Midiani alimwita mwanawe Gershomu, akautia ugeni wake kwenye jina la mtoto, lakini Musa alikuwa anajua kwao ni wapi.

Nimeamua niache nafasi. Yaani kwenye ukurasa, mahali pa jina la kwao pawe na nukta tu, na mhariri akija kulalamika tutalalamikiana huko mbele.

Simu nayo iko asilimia 9. Naandika hii sentensi hapa nisiipoteze, ni ya kisimani, asubuhi yake ya kwanza Rabai, 1864. Wanawake wamepanga mitungi, mmoja mzee amemsogelea, anamuuliza kitu kwa Kirabai, anamuuliza tena polepole kama mtu anayeongea na mtoto, na dada yangu koo limekauka tangu chomboni, anataka kujibu, anatafuta neno lo lote la watu weusi kichwani mwake, na linalomtoka ni pani, maji kwa Kihindi. Yule mama anarudia, "Pani?" Anatazama wenzake. Kisha anainamisha mtungi.