Mwanangu, Dawa Hii Umeisomea?

Namkumbuka kwa mikono kabla ya uso. Ilikuwa mikono ya mkulima wa mwani: vidole vimekakamaa kwa kamba na maji ya chumvi, viganja vimechanika, na mishipa imezama ndani hata huioni mpaka uitafute kwa ncha ya kidole. Alikuwa ametoka Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, na daladala ya alfajiri, bintiye amembebea kikapu, kanga yake bado ina unyevu wa mvua. Alikuwa na saratani ya ziwa na siku ile alikuja kuchomwa sindano ya mzunguko wa pili wa dawa. Ule wa kwanza alichomwa na muuguzi mwenzangu, ambaye ndiye pekee wodini aliyefunzwa dawa za saratani. Jumatatu ile mwenzangu alikuwa Pemba, kafiwa.

Inchaji akaniita. Vichupa vya doksorubisini, dawa yake ya saratani, viko kwenye trei, fomu ya daktari iko juu yake. "Mchome wewe, una mkono mzuri." Kweli nilikuwa nasifiwa kwa kupata mishipa. Nilikuwa na diploma, nina leseni ya Baraza la Wauguzi na Wakunga, nina miaka mitatu wodini. Nikavaa glavu, nikakaa kitako mbele ya yule mama, nikamshika mkono.

Akaniangalia. "Mwanangu, dawa hii umeisomea?"

Hakuuliza kwa shari. Aliuliza kama mtu anavyomuuliza nahodha kama anaijua njia. Nikajikuta nasema: "Sindano nimezisomea, bi mkubwa. Hii sijaisomea." Nikavua glavu.

Doksorubisini ni nyekundu, wagonjwa wote wanaijua kwa rangi yake, na mkojo nao hugeuka mwekundu baadaye. Dripu ya maji ikitoka nje ya mshipa mkono huvimba, kesho ukapoa. Hii ikitoka nje ya mshipa hula nyama. Kidonda kinaweza kuchelewa siku nyingi kujitokeza, kisha kikashuka mpaka kwenye kano, mtu asiweze tena kukunja vidole. Na kwa mama yule mkono ndio shamba, ndio chombo.

Inchaji alikasirika. Aliniambia nimemtia mgonjwa khofu na nimeiaibisha wodi, na kwamba wenzangu kwengineko wanachoma bila ya maneno. Wiki nzima hakusema nami ila kwa amri. Simlaumu sana sasa, maana wodi ilikuwa na wagonjwa wengi na sisi tuko wachache mno. Lakini mama alilazimika kupanda boti kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na bahari ya kusi mnaijua. Alichelewa siku nane. Siku nane hizo nilikuwa nazihesabu usiku, sijui kama nimemwokoa mkono au nimemchelewesha dawa.

Mwezi ule ule nikaomba ruhusa, nikahamia kwa shangazi yangu Dar.

Sisi neno cheti tunalitumia kwa kila kitu: cha kuzaliwa, cha ndoa, hata karatasi ya dawa anayokupa daktari ni cheti. Nilipoanza kutafuta ndipo nilipoelewa kwamba leseni inakuruhusu kuwa muuguzi, na cheti cha ubobezi kinathibitisha kwamba unaijua kazi hii hasa, ya saratani. Kile kikubwa cha Marekani, kinachoitwa OCN, yaani cha muuguzi mbobezi wa saratani, kina mtihani wa masuali 165 kwa saa tatu, na kinataka saa 2,000 za kuhudumia wagonjwa wa saratani. Nilikitamani. Lakini kinataka uwe na leseni ya huko huko au ya Kanada, basi mlango ule haukuwa wangu. Nikachukua kile kidogo cha kutoa dawa za saratani, kinachosomwa kwa mtandao na kinachodumu miaka miwili. Mchana nilisimama pembeni ya wauguzi wazoefu nikiangalia mikono yao, usiku nasoma. Natamani mpaka leo tuwe na mtihani kama ule kwa Kiswahili, na muuguzi wa Wete au Mkoani aufanyie kwao, asivuke maji.

Jambo lililoniondoa usingizi lilikuwa moja. Nilikuwa nimezoea, dripu ikivuja, kung'oa kanula, kile kijibomba kinachokaa ndani ya mshipa, haraka na kumkanda mgonjwa kwa maji ya moto. Kwa dawa nyekundu yote mawili ni makosa. Unasimamisha dawa, kanula unaiacha pale pale, unavuta kwa bomba la sindano kile kinachoweza kurudi, ndipo unaitoa, kisha unaweka baridi. Joto linaieneza. Wakati vinkristini, dawa nyengine ya saratani inayochoma nyama vile vile, inataka joto. Lau ningemchoma Jumatatu ile na ikavuja, ningemuumiza kwa mkono wangu huu huu unaosifiwa, na nia yangu njema.

Yule mama alirudi kwangu kwa mzunguko wa nne, wa mwisho wa dawa ile. Amekonda. Nikampima upya wala sikunakili karatasi ya zamani: urefu sentimita 160, uzito kilo 53, na mwanzo alikuwa 58. Unazidisha urefu kwa uzito, unagawa kwa 3,600, unatafuta kipeuo cha pili, unapata eneo la mwili ambalo kipimo cha dawa hulifuata. Eneo lake lilishuka kutoka mita za mraba 1.6 hadi kama 1.5. Nikampelekea daktari, kipimo kikapunguzwa.

Nilikuwa nimekuja na cheti kwenye bahasha. Mama hasomi herufi za kizungu, amesoma chuo cha Kurani na Kiswahili anakiandika kwa herufi za Kiarabu. Akakishika kwa ncha za vidole, akaniambia nimsomee. Nikamsomea, nikimfasiria.

"Mpaka lini?"

"Miaka miwili."

"Kisha?"

"Kisha nasoma upya, nafanya tena mtihani."

Akatikisa kichwa, akanirejeshea. Akanyoosha mkono juu ya mto. Niliupata mshipa mbali na kiwiko, kwenye mnofu wa mkono, nikaacha maji ya chumvi yapite kwanza. Nikavuta, damu ikarudi. Nikasukuma dawa kidogo, nikavuta tena, damu ikarudi. Nikainua macho kumtazama kama anaumia.

"Usinitazame uso," akasema. "Tazama mkono."