Alalaye katikati ya bahari

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Andiko letu wiki hii ni Mithali 23:29-35, kisha tutavuka hadi Mathayo 14:22-33. Kwa sisi watu wa Kigoma, yote mawili ni habari za ziwani.

Kifungu cha Mithali nimekisikia kanisani mara nyingi, na karibu mara zote kilisomwa ili kuwakaripia walevi. "Ni nani aliye na macho mekundu?" Msomaji akifika hapo anapandisha sauti, na vichwa viwili vitatu vinageuka kumtafuta fulani kwenye benchi la nyuma. Mstari wa 34 tunaupita mbio: "Naam, utakuwa kama alalaye katikati ya bahari."

Tukae hapo kidogo. Andiko halikusema mlevi ni kama aliyelala mtaroni, ingawa huko ndiko tunakomwokota. Limemweka majini. Wavuvi wa Kibirizi wanaijua tofauti. Ukisinzia mchangani, mwenzako anakutikisa, unaamka, mnacheka. Ukisinzia kule katikati, chini yako kuna ziwa ambalo penye kina kirefu zaidi linafika mita 1,470, na mtumbwi unakwenda unakotaka upepo. Mtu akisimama ufukweni akakuita hadi sauti ikauke, humsikii. Na si kwamba unamdharau.

Kwa miaka mingi nilikuwa huyo wa ufukweni. Aliyelala majini ni mdogo wangu, wa tumbo moja. Ameniruhusu niandike haya, ila ameniomba nisimtaje jina.

Alianza kunywa wakati wa mbalamwezi. Wasio wa huku niwaeleze: dagaa hufuata taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haiwavuti, kwa hiyo mitumbwi inavutwa nchi kavu, siku kadhaa kazi hakuna, hesabu imeshafanyika na vijana wana hela mfukoni. Kwake zilikuwa siku nne au tano kila mwezi, akisema anapumzisha mwili. Baadaye ikawa wiki. Baadaye hakuangalia tena kama mwezi umetoka au haujatoka. Viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017, mama yetu alipiga vigelegele uani, akidhani Serikali imemrudishia mtoto. Mtoto akahamia kwenye gongo. Halafu mwaka 2024 ziwa likapumzishwa, yaani uvuvi ukafungwa, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Ziwa lilihitaji kupumzika, silaumu. Ila yeye miezi mitatu ile nusura aimalize kwa kaburi.

Soma sasa mstari wa 35. Huyo mtu anasema amepigwa na hakusikia, kisha anauliza ataamka lini, aitafute tena. Watu wa vilabuni hawahitaji mhubiri wa kuwafafanulia hapo, kwa sababu jambo hilo wana jina lake: kuzimua. Kumekucha, vidole vinatetemeka hadi kufunga kifungo cha shati ni kazi, jasho jembamba linatoka na baridi bado ipo, tumbo linapanda. Glasi moja inaingia na mwili unatulia. Vijana wa unga wana neno lao, arosto, na mateso ni ndugu moja. Anayezimua asubuhi hatafuti starehe. Anatafuta mikono iache kutetemeka. Sisi tulikuwa tunamhubiria aache anasa, wakati anasa yenyewe ilimtoka siku nyingi. Mahubiri yetu yalikuwa yanapigwa kwenye nyumba aliyohama.

Nifike kwenye kosa langu. Tulimchukua kwa mkesha wa siku tatu. Mimi ndiye niliyesema afunge kavu, bila chakula wala maji, na mlango ufungwe kwa kufuli ili asitoroke. Usiku wa pili akakakamaa, macho yakageuka, povu likatoka mdomoni, akaanguka kati ya viti. Watu wakakemea pepo kwa sauti kubwa, mimi nikiwa wa kwanza. Dada mmoja kati yetu, ambaye ni muuguzi, alitusogeza kwa viwiko, akamlaza ubavu, akasema, "Jamani, hii ni degedege ya pombe. Tafuteni gari, maombi yataendelea humo humo njiani."

Hospitalini walimtuliza kwa dawa, wakampa maji na vitamini kwa mshipa. Daktari akatueleza bila kutugombeza, na upole wake ndio uliniuma zaidi. Mwili uliozoea pombe nyingi kwa miaka, ukinyimwa ghafla, ubongo unachachamaa. Katika siku mbili tatu za mwanzo mtu anaweza kupata degedege, akaona vitu visivyokuwepo, na wengine hufa. Kwa hiyo mnywaji mkubwa anayetaka kuacha aanzie kwa daktari. Nayasema haya waziwazi kwa sababu najua bado kuna mahali wanafungiwa. Kama ni kufunga, tufunge sisi. Yeye ale.

Na mtu asiniambie kwamba dawa ni upungufu wa imani. Muhimbili walianza kutoa methadoni kwa waathirika wa heroini mwaka 2011, na yule anayepanga foleni kila siku kuinywa huenda ana uvumilivu kuliko wengi wetu tunaochelewa ibada. Sikatai kwamba Mungu anaweza kuondoa kiu kwa usiku mmoja. Ninao ndugu wenye ushuhuda huo, na ninawaamini. Wa kwetu hakuponywa hivyo.

Sasa tuvuke kwenda Mathayo 14. Yesu anawatanguliza wanafunzi chomboni, yeye anapanda mlimani faraghani kuomba. Mstari wa 24 unasema chombo kilikuwa kimekwisha kufika "katikati ya bahari". Nilipoliona neno hilo nilirudi nyuma kufungua Mithali ili nihakikishe. Maneno yale yale. Mahali alipolala mlevi wa Mithali ndipo Bwana alipokwenda kwa miguu.

Angalia alivyofanya. Aliomba kwanza, tena kwa muda mrefu, usiku ukasonga. Marko anaongeza kwamba aliwaona wakitaabika kwa kuvuta makasia. Kisha akashuka. Hapo ndipo mimi nilipokuwa nimekwama: nilijua kupanda mlima, sikujua kushuka. Nilikuwa na jina la mdogo wangu kwenye daftari la maombi kwa miaka sita, na kwake nilikuwa sijakanyaga kwa miaka miwili. Nyumba yake ni mwendo wa dakika kumi na tano kutoka kwangu.

Yesu alikwenda "wakati wa zamu ya nne ya usiku", yaani kati ya saa tisa usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mdogo wangu alipotoka hospitali aliniambia hiyo ndiyo saa yake mbaya. Mchana anajikaza, jioni anazunguka na watoto, lakini saa tisa kiu inamwamsha kama mtu anayegonga dirisha. Tukakubaliana anibipu. Sihitaji apige, salio lake alitunze. Nikiona jina lake nachukua tochi.

Miezi ile ya kwanza nilikuta shemeji ameshawasha moto. Alimmiminia chai nusu kikombe, kisha nusu nyingine, kisha nusu nyingine, ili mkono ukitetemeka isimwagike akaona aibu mbele yangu. Hakuna aliyemwagiza. Nami alinimiminia nusu vile vile, tufanane. Nimesoma vitabu kadhaa vya huduma ya uchungaji na sijakuta ukurasa wenye busara ya kile kikombe.

Maombi yangu mwanzoni yalikuwa marefu, mnanijua. Nilianza na uumbaji, nikapitia Bahari ya Shamu. Usiku mmoja akanishika goti akasema, "Kaka, fupisha. Inakuja." Nikakumbuka Petro. Alipouona upepo na kuanza kuzama, hakusali sala ya dakika kumi. "Bwana, niokoe." Anayezama hana pumzi ya maneno mengine, na Yesu hakumdai mengine; mara akanyosha mkono wake, akamshika. Tangu hapo tunasema hayo tu, kwa zamu, yeye mara moja na mimi mara moja, mpaka ipite. Mara nyingine inapita upesi. Mara nyingine jogoo wanatukuta pale pale.

Kitu kimoja zaidi nimekiona katika habari hii. Upepo ulikoma walipopanda chomboni, mstari wa 32. Maana yake kutoka pale Petro alipoanza kuzama hadi chomboni, upepo uliendelea kuvuma, na Petro akiwa ameshikwa mkono. Wengi tukimwona ndugu bado anatetemeka na kutamani, tunasema hajaokoka sawasawa. Pengine ameshikwa, ila bado hajafika chomboni.

Mdogo wangu ameanguka mara mbili tangu aanze kuacha. Mara ya pili ilikuwa baada ya Meza ya Bwana, na hilo lilitufundisha wazee wa kanisa. Tulikuwa tunatumia divai halisi, na funda lile dogo liliamsha kitu. Siku hizi tunachemsha rosela. Kuna mzee mmoja alinung'unika kwamba si desturi. Shemeji alimsikiliza hadi mwisho, akamuuliza kama yuko tayari kubipiwa saa tisa usiku, na mjadala ukaishia hapo.

Anayetoka naye ziwani sasa ni fundi nyavu ambaye naye aliwahi kulala katikati ya bahari, miaka kumi na moja. Mambo mengine mdogo wangu anamwambia huyo, haniambii mimi. Nilihuzunika kidogo, nakiri, kisha nikaona ni sawa. Mimi sijawahi kuzimua.

Jumanne hii mwezi utakuwa mpevu, mitumbwi itakaa mchangani, na hesabu inafanyika Jumatatu. Tutakuwa uani kwake kuanzia saa kumi na mbili jioni: migebuka itachomwa, bao lipo, na maombi yatakuwa mafupi. Wanaume watatu wa mtaa ule wamesema watakuja, wawili kati yao bado wanakunywa. Anayeweza kuja aje na kuni, na asije na mahubiri. Kwa zamu ya saa tisa bado tunamtafuta mtu wa Alhamisi.