Siku moja na darubini ya bunduki isiyokubali kukaa kwenye shabaha

Saa 2 asubuhi. Sijamaliza kufungua karakana, mzee mmoja kashafika na bunduki yake ndani ya mfuko wa kubebea. Shikamoo, marahaba, kisha moja kwa moja: "Fundi, darubini imekufa. Nimezungusha vifundo vya kurekebishia mpaka vidole vinauma."

Kabla ya lolote natoa bolti, komeo la bunduki, na kuchungulia chemba, pale risasi inapokaa. Tupu. Hilo silirukii, hata bunduki iwe ya nani.

Saa 3. Maswali. Kumbe alikuwa akirekebisha baada ya kila risasi moja. Hapo unakimbizana na kivuli. Piga tatu au tano bila kugusa kitu, ndipo urekebishe kwa kutazama katikati ya matundu. Risasi ni zilezile za siku zote? Ndiyo. Darubini imewahi kufunguliwa? Kimya kidogo. "Mjukuu wangu aliifungua kuisafisha."

Haya.

Saa 4, uwanja wa shabaha, mita 100, bunduki juu ya mifuko ya mchanga. Risasi tano: mbili zimekaribiana, tatu zimetawanyika juu na chini, sentimita 12 kati ya tundu la juu na la chini. Kwa mtawanyiko huo, kuzungusha vifundo ni kupoteza risasi.

Natoa bolti tena, naibana bunduki isitikisike, nachungulia karatasi ya mistari kule mbali. Nazungusha kifundo kliki 20 kulia, yaani hatua 20. Kila kliki ya darubini hii ni kama milimita 7 kwa mita 100, kwa hiyo msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini usogee sentimita 14 na kidogo. Umesogea hivyohivyo. Narudisha 20, umerudi palepale. Juu na chini, vilevile. Marehemu yuko hai.

Saa 6 mchana, mezani. Skrubu zinazoshika mwili wa bunduki kwenye mti wake: zimekaza. Pete zinazoshika darubini: zimekaza, na bomba la darubini halina mikwaruzo ya kuteleza. Skrubu za reli iliyo chini ya pete: nazo zimekaza. Nusura nikubali. Nikaweka kidole pale reli inapokutana na chuma cha bunduki, mkono mwingine ukaisukuma darubini. Nikahisi reli ikicheza, kidogo kama pumzi.

Nikafungua zote nne na kuzipanga. Reli hii ni nene zaidi nyuma, kwa hiyo skrubu mbili za nyuma ni ndefu kuliko za mbele. Moja ndefu ilikuwa mbele! Ncha yake imegota kwenye mtutu kabla kichwa hakijaibana reli. Ufunguo unakuambia imekaza, na kweli imekaza, ila haijashika kitu. Fupi yake ilikuwa nyuma, inaning'inia kwa nyuzi mbili tatu, ile mikato ya skrubu.

Miaka ya nyuma kwa kosa kama hili niliwahi kumrudishia mtengenezaji darubini nzima. Ilirudi na karatasi: haina hitilafu. Bado naona aibu.

Saa 7. Nafuta mafuta kwa spiriti, kila skrubu tundu lake, tone la gundi ya nyuzi isilegee, nakaza kwa ufunguo unaopima nguvu ya kukaza. Pete nazirudisha kwa nyutoni-mita 2 hivi, kwa zamu, upande huu na ule.

Saa 10. Risasi tano, mtutu ukipoa katikati. Sentimita 3, zote pamoja, ila ziko chini kwa sentimita 5. Kliki saba juu. Tano nyingine: katikati.

Mzee anatazama karatasi, halafu anatoa simu. "Yuko wapi huyo mjukuu wangu?"

Nikaingia ndani kufagia.