Rangi ya Nyasi za Agosti

Mwaka 2011 nilikuwa nimehitimu kidato cha sita na nikisubiri kwenda chuo, na miezi hiyo ya kungoja niliipitisha kwa babu yangu mzaa mama, Kihesa, mjini Iringa. Binamu yangu, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana moja ya useremala mtaani hapo, alikuwa ameachiwa na mjomba wetu aliyesoma Uingereza sanduku la sanamu ndogo za plastiki, Wazulu kwa askari wa kikoloni, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 28 kutoka nyayoni hadi machoni. Wahehe hawakuwamo sandukuni, lakini ngao za ngozi ya ng'ombe na mikuki tulikuwa navyo, na hilo lilitutosha kuamua kwamba tungeijenga Lugalo, mahali ambapo Wahehe waliwashinda Wajerumani mwaka 1891, juu ya meza na kuicheza tarehe 17 Agosti, siku ambayo vita yenyewe ingekuwa inatimiza miaka 120.

Mchezo wenyewe huchezwa kwa dadu na futi ya kupimia. Kila kikosi husogezwa kwa inchi kadhaa kwa zamu. Kikiingia vichakani hupunguziwa mwendo, kikiwa nyuma ya mwamba huwa vigumu kupigwa, na kile ambacho adui hakioni hakiwezi kulengwa kabisa. Kwa sababu hiyo, mandhari yanayotengenezwa juu ya meza si mapambo, bali ni sehemu ya kanuni, na anayeyajenga vibaya huwa ameshaamua mshindi kabla dadu haijarushwa. Nadhani hakuna vita inayolidhihirisha jambo hilo kuliko Lugalo. Msafara wa Wajerumani, ukiongozwa na Emil von Zelewski ambaye watu walimwita Nyundo, ulikuwa umenyooka kwenye njia nyembamba, mizigo na silaha kubwa zikiwa bado zimebebwa na wapagazi na punda, wakati jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilipouvamia kutoka mafichoni hatua chache tu kando ya njia. Mapigano yalikwisha kwa muda mfupi mno, na Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya watu wake. Ukiiondoa ardhi katika habari hiyo, huwezi kueleza ni kwa namna gani watu ambao wengi wao walikuwa na mikuki waliweza kulishinda jeshi lenye bunduki za kisasa.

Tulianza mwezi Juni, wakati wa baridi kali. Binamu yangu alipata shiti la plaiwudi la futi 4 kwa 8, akalikata libaki futi 4 kwa 6, na kipande kilichosalia akakichana kuwa vipande vyembamba vya kuimarisha ukingo kwa chini ili ubao usipinde. Pamoja na hayo ulianza kupinda katika wiki ya kwanza, kwa kuwa tuliupaka gundi nyeupe ya maseremala iliyochanganywa na maji upande wa juu peke yake, na upande huo ulipokauka ukauvuta ubao wote. Tuliugeuza, tukaupaka gundi ileile upande wa chini, tukauwekea matofali usiku kucha, na asubuhi ulikuwa umenyooka. Kwa sababu ya baridi, gundi ambayo kwa kawaida hukauka kwa saa chache ilituchukua siku nzima, kwa hiyo tulizoea kuiweka kazi karibu na jiko la mkaa jioni babu alipokuwa akiota moto.

Miteremko tuliitengeneza kwa lile povu gumu jeupe linalofungiwa televisheni na friji kwenye maboksi, ambalo wenye maduka ya vyombo vya umeme walitupa bure. Tulilikata kwa kisu chenye makali, tukalipanga tabaka juu ya tabaka, tukalisugua kwa msasa hadi ngazi zikawa mteremko mmoja. Miamba nayo tuliichonga kutoka katika povu hilohilo, kumi na miwili kwa jumla, na niliona fahari kubwa juu yake kwa sababu niliichonga kwa kuyatazama mawe ya Gangilonga, hapo Iringa, ambayo ni ya mviringo na yamelaliana, na si kwa kufuata picha za majabali yenye ncha ambazo mjomba alikuwa ameziacha sandukuni. Binamu yangu alileta pia magome ya paina kutoka Mafinga, ambako mbao hupasuliwa kila siku, na ukiyavunja yanatoa kingo za tabaka tabaka zinazofanana kabisa na ukuta wa korongo. Hayo tuliyatumia kwenye kijito kikavu tu. Kwa miamba hayafai, kwa sababu mwamba wa Uheheni haukatiki hivyo.

Miamba yangu kumi na miwili iliangamia Jumamosi moja mchana. Tulikuwa na kopo la rangi ya kupuliza, ya kijivu, lililobaki kwa fundi wa magari, na tukaona kwamba kuipuliza kungekuwa haraka kuliko brashi. Niliipanga miamba juu ya gazeti nje ya nyumba nikapuliza. Kwa sekunde chache ilipendeza sana; kisha uso wa mwamba wa kwanza ukaanza kutoboka vitundu vidogo, vitundu vikaungana, na ule mgongo wa mviringo nilioulainisha kwa siku mbili ukanywea mbele ya macho yangu kama sukari iliyomwagiwa chai. Dawa iliyomo ndani ya rangi hizo za kupuliza huyeyusha povu la aina ile. Kazi ya wiki mbili ilikwenda kwa dakika tano, nami nilikaa kizingitini bila kusema neno. Miamba ya pili tuliipaka kwanza gundi iliyochanganywa na mchanga uliochekechwa, tukaiacha ikauke iwe ganda gumu, na baada ya hapo hatukuipuliza tena, bali tuliipaka rangi ya maji ya kuta za nyumba: nyeusi yenye kijivu kila mahali hadi kwenye nyufa, halafu kijivu, halafu karibu nyeupe kwa brashi kavu. Brashi kavu ni brashi unayoichovya kwenye rangi kisha ukaifuta kitambaani mpaka unadhani haina kitu, na ukiipitisha juu ya jiwe kwa wepesi, rangi inashika palipoinuka tu. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo, jiwe la povu likageuka kuwa jiwe la kweli mkononi mwangu, na hata leo sijaizoea furaha ya kuliona jambo hilo likitokea.

Kisha tukafika kwenye nyasi, na hapo ndipo tulipokosea kwa kiwango kikubwa. Mwaka huo kulikuwa na mgao wa umeme, na kazi nyingi tuliifanya usiku kwa mwanga wa kandili, ambao huifanya kila rangi ionekane ya joto kuliko ilivyo. Tulichukua vumbi la mbao kutoka karakana, tukalitia rangi ya kijani, tukalimwaga juu ya gundi kwenye ubao mzima. Tukakata kamba za katani kuwa vipande vya sentimita mbili na nusu, tukavitia rangi ya kijani inayotumiwa kutilia mikeka, tukavifunga vichane vichane na kuvichomeka kwenye matundu yaliyotobolewa kwa msumari. Tulichomeka zaidi ya vichane mia tatu. Chini ya kandili, bonde lile lilikuwa zuri ajabu.

Asubuhi moja mwishoni mwa Julai, babu aliingia chumbani kuchukua jembe lake lililokuwa nyuma ya mlango. Tulimwamkia, akaitikia, kisha akasimama akiiangalia meza iliyokuwa ikipigwa na jua la dirishani. Babu alikulia upande wa Ilula akichunga ng'ombe, na hakuwa mtu wa kutoa maoni pasipo kuulizwa, kwa hiyo binamu yangu akamuuliza.

"Babu, unaionaje Lugalo yetu?"

"Hii ni Lugalo ya mwezi gani?"

"Wa nane, babu. Vita ilikuwa mwezi wa nane."

Aliinama akashika kichane kimoja cha katani kwa vidole viwili, akakigusa taratibu kama anayepima suke la mahindi. "Wajukuu zangu, mmefanya kazi ya mikono mizuri sana. Lakini mwezi wa nane huku kwetu ng'ombe wanalia njaa. Majani haya ni ya mwezi wa pili."

Hakusema zaidi ya hapo. Alichukua jembe akatoka, na sisi tukabaki tukiitazama meza ambayo kwa mwanga wa mchana ilikuwa kijani kama malisho ya Uingereza kwenye zile picha za mjomba, maana ndiko tulikokuwa tumeichukua rangi hiyo bila kujua.

Jumapili iliyofuata alikubali kwenda nasi. Tulipanda basi la Ilula, tukashukia Lugalo, na kwa kuwa nilikuwa nimepita pale mara nyingi garini nikielekea Dar es Salaam, nilidhani ninapafahamu. Tulipita kwenye mnara wa kumbukumbu, kisha babu akatuingiza porini kwa mguu. Udongo ulikuwa mwekundu na wa unga, ukipanda na kutulia juu ya majani hadi magotini. Miti mingi ilikuwa imepukutisha, na nyasi zilifika kifuani mwangu. Babu aling'oa bua moja akaniwekea kiganjani. Chini, karibu na mzizi, lilikuwa la kahawia. Kwenye kila kifundo palikuwa na wekundu kama wa kutu. Katikati lilikuwa na manjano iliyopauka, na juu, penye mbegu, lilikuwa karibu jeupe, kiasi kwamba upepo ulipopita mteremko wote ulimetameta. Nililifunga bua hilo kwenye gazeti nikarudi nalo nyumbani.

Kabla hatujaondoka, babu aliniambia niketi njiani, na binamu yangu akamwambia aingie kwenye nyasi hatua ishirini na achuchumae. Nilimtazama akienda. Shati lake lilikuwa la bluu. Alipochuchumaa, lile shati la bluu likatoweka, na nilipoulizwa yuko wapi nilionyesha mahali pasipo.

Kwa wiki mbili zilizobaki tulifanya kazi kwa mwanga wa mchana tu, bua lile likiwa limeegemezwa mbele yetu ndani ya glasi. Tuling'oa vichane vyote. Ardhi tuliipaka gundi upya na kuinyunyizia udongo wenyewe wa Lugalo, tuliouchekecha kwa chujio la chai na kuukausha kwenye kikaango ili usiote ukungu. Katani mpya hatukuitia rangi yoyote, kwani katani ya asili tayari ina ile manjano iliyopauka tuliyokuwa tukiitafuta. Tulichovya vitako vyake tu kwenye maji ya rangi nyekundu ya sakafu iliyochanganywa na kahawia, na ncha zake tukazipitishia brashi kavu yenye nyeupe kidogo. Kwa kuwa mtu wetu ana milimita 28, nyasi ya kufika kifuani inapaswa kuwa kama milimita 20, na tulizikata kwa kipimo hicho, fupi kidogo kuliko za mwanzo, jambo lililonitia wasiwasi kwamba hazingemficha mtu. Miti tuliisokota kwa waya wa kufungia nondo, na safari hii mingi tuliiacha bila majani. Kwenye kijito kikavu tulichomeka vipande vya milulu vilivyobaki pale bibi alipokuwa akisuka kikapu.

Tarehe 17 Agosti tuliisogeza meza hadi uani. Nilipanga msafara njiani mmoja mmoja, askari wa kaki, wapagazi, na punda wawili ambao binamu yangu aliwachonga kwa mbao. Ubao wa futi 6 kwa kipimo kile ni sawa na mita mia moja tu za ardhi, kwa hiyo tulikuwa na kipande cha msafara, si msafara mzima. Upande wa mteremko binamu yangu akawapanga wapiganaji arobaini, waliopiga magoti na waliosimama, katikati ya vichane vya katani, nami nilipotazama kutoka juu niliwaona wote, kila ngao na kila mkuki, na moyo ukanishuka.

Babu alifika akiwa amevaa koti lake la kanisani. Hakusimama tuliposimama sisi. Alishika ukingo wa meza, akapiga magoti taratibu, akaliinamisha shavu lake hadi jicho likawa usawa wa njia, mahali alipokuwa yule askari wa mbele, akatazama mteremkoni. Alikaa hivyo kwa muda, huku upepo wa uani ukizipepesa ncha za katani.

"Siwaoni," alisema.

Binamu yangu akaniwekea dadu mkononi.