Matundu mawili ya Atari

Juzi binti yangu alikuwa kajilaza kochini anatengeneza biti kwenye simu, mara akaniuliza bila kuinua macho: "Baba, nyinyi mlikuwa mkitumia nini?" Nikamwambia Atari. Akadhani ni jina la mtu, kumbe ni kompyuta.

Ilikuwa 1990, Tottenham Court Road, London, enzi hizo maduka ya redio na kompyuta yamepangana pande zote mbili. Mtoto wa ami alikuwa keshachagua: Amiga 500. Muuzaji aliiwasha, rangi zikamwagika, magari yakakimbizana, na muziki ukitoka humo humo kwenye mashine, sauti nne kwa pamoja. "Yakhe, ndiyo hii," akanambia. Mimi nilikuwa na kebo ya MIDI mfukoni, ile ya kuunga kinanda na kompyuta, ya kichwa cha duara na pini tano. Nikaitoa, nikauliza inachomekwa wapi. Muuzaji akasema kuna kijisanduku chake, kinauzwa peke yake.

Pembeni ilikuwapo Atari 1040ST, skrini yake nyeusi na nyeupe. Nikainama ubavuni: matundu mawili ya duara, MIDI ya kuingia na ya kutoka, yamo tangu kiwandani. Nikachomeka kebo palepale. Ikakaa.

"Pesa zote hizo na hata rangi haina?"

Mtoto wa ami alininunia njia nzima.

Nyumbani tukaiunga na kinanda changu, Roland D-10, nikafungua Cubase, programu ya kunasa na kupanga muziki. Nikachagua sauti za ngoma, nikapiga chakacha kwa vidole, kisha nikarudisha mwanzo na kuweka mikono mapajani. Kinanda kikaanza kupiga chenyewe. Mtoto wa ami akaitazama mikono yangu, akakitazama kinanda. "Audhubillahi!" Nikamweleza kwamba kebo haipitishi sauti, inapitisha amri tu: noti gani, ibonyezwe kwa nguvu gani, iachiwe lini. Hakutaka darasa. Alitaka tuongeze vumi, kisha makofi, kisha vumi jingine, mpaka jirani akagonga ukuta.

Halafu nikaiamuru programu iyanyooshe mapigo, kila moja likae kwenye mstari wake. Tukasikiliza. Hakuna lililochelewa, hakuna lililowahi, na viuno vyote vimekauka.

"Hili gwaride," akasema.

Nikairudisha ile ya kwanza, yenye kuyumba. Basi ndivyo tulivyofanya kazi miaka ile: mashine inakumbuka, kunyoosha hatuiruhusu.

Mpaka leo tukikutana harusini ananambia tungechukua Amiga, sauti zake inazo yenyewe, kinanda cha nini. Na ana haki kidogo, maana Atari bila kinanda ilikuwa na sauti tatu tu, nazo za kulialia. Lakini yeye kusema ni rahisi. D-10 nilikuwa nimeshainunua, na nilikuwa bado nailipia.