Saini Iliyo Chini ya Nishani Yangu

Juzi binti yangu alikuwa akipangusa fremu za ukutani, akasita mbele ya cheti cha nishani yangu. "Baba, huyu aliyetia saini si yule jenerali wa kashfa ya siri?"

Ndiye. David Petraeus, wakati huo meja jenerali, kamanda wa Divisheni ya 101 ya jeshi la Marekani pale Mosul, Iraki, mwaka 2003.

Akataka kujua kwa nini sijakiondoa.

Kazi yangu Iraki ilikuwa kutunza funguo za siri za redio, zile zinazofanya adui akinasa mawimbi asiambulie ila mkoromo. Zilikuja kwenye utepe wa karatasi wenye vitundu. Muda wake ukipita, utepe unachomwa, na hauchomwi na mtu mmoja: wawili washuhudie, wawili watie saini.

Alfajiri moja tulikuwa kwenye pipa la moto, mimi na sajenti wangu. Wote hatukuwa tumelala. Upepo ukavuma ghafla, kipande kidogo kama ukucha kikaruka na moshi. Ufunguo ule ulikuwa umeshakwisha muda, hakuna ambaye angeuliza. Sajenti akawasha tochi, akapiga magoti vumbini, nami nikapiga. Tulipapasa mchanga mpaka kukapambazuka. Alipokiona alikishika kwa vidole viwili, akakirudisha motoni, akakoroga jivu kwa nondo, akamwaga maji, akakoroga tena. Kisha akanipa kalamu. "Ukitia saini," akasema, "umesema umeona kwa macho yako."

Ni yeye aliyeandika pendekezo la nishani yangu. Ikapanda ngazi, ikarudi na saini ya kamanda: shaba yenye pembe sita, tai juu yake, utepe wa kijani na mistari myeupe. Maneno ya cheti yanasifu uangalifu wangu kwa nyenzo za siri. Siku nilipovishwa nilisimama wima kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Novemba 2012 Petraeus alijiuzulu ukurugenzi wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Aprili 2015 alikiri kosa mahakamani kule Charlotte. Madaftari yenye siri nzito alikuwa amempa mwandishi wa wasifu wake ayasome, na baadaye yakakutwa nyumbani kwa Petraeus mwenyewe, kwenye droo isiyofungwa. Hakufungwa: alipewa miaka 2 ya uangalizi na faini ya dola 100,000. Mwaka uliofuata baharia mmoja alihukumiwa kifungo cha mwaka 1 kwa picha alizopiga ndani ya nyambizi ya nyuklia. Niliumia sana, na bado naumia, maana kule Mosul nilimheshimu kamanda yule kwa moyo wote, na sidhani nilikosea kumheshimu.

Wapo wanaoniambia saini ni wino tu, niitazame nishani. Jibu hilo silipendi. Nishani yenyewe nilipewa kwa sababu nilikuwa mtu ambaye saini yake si wino tu.

Binti yangu ameshauri nikifunike cheti sehemu ya chini. Nimekataa. Kitakaa wazi, na saini yake, kwa kuwa yaliyoandikwa juu yake ni kweli. Kinachonisumbua ni kwamba mtu aliyeyaona kwa macho yake, sajenti wangu, jina lake halimo popote kwenye karatasi ile.