Kiti cha kliniki, mkeka wa nyumbani

Wanafunzi wengi huja kusoma fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, wakiota viwanja vya mpira na magoti ya washambuliaji. Akitokea mmoja akasema anataka wazee, wenzake humtazama kama mtu aliyeomba kustaafu mapema. Mimi niliomba hivyo, na sasa ndilo somo ninalofundisha hapa Moshi.

Kipimo cha kwanza ninachowapa kilichapishwa na watafiti wa Kanada mwaka 1991. Kinataka kiti chenye mikono, mita 3 za sakafu na saa. Mzee anainuka, anatembea, anageuka, anarudi kuketi. Akifikisha sekunde 12 au zaidi, tunaanza kumhofia kuanguka. Kipimo sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu uko kwenye kiti.

Wiki hii alikuja bibi mmoja na mjukuu wake. Mwanafunzi akamwamkia, akampima, muda ukawa mzuri, akashika kalamu aandike kuwa hana tatizo. Nikamwomba bibi atuonyeshe anavyoinuka nyumbani. Akacheka.

"Kiti nakipata wapi, mwanangu? Mimi nina mkeka na kigoda."

Tukatandika godoro la mazoezi. Akageukia ubavu, akapiga magoti, kiganja kimoja chini na kingine pajani, akatanguliza mguu wa kulia, akakwama hapo. Anahema, kanga inamteleza begani. Mjukuu ndiye aliyemshika kwapani. Chooni pia humwinua hivyohivyo, akatuambia, na akienda shule bibi hujizuia mpaka arudi. Hayo hakuna sekunde zilizoyaonyesha.

Mwanafunzi akapendekeza mazoezi mepesi ya kunyoosha miguu. Woga huo naujua: ukimpa mzee uzito, atavunjika. Hapo huwasimulia wanafunzi habari za wazee wa miaka kama 90 kwenye makao ya Boston, Marekani, walionyanyua vyuma kwa wiki 8. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990, na nguvu za mapaja yao zilikuwa zimeongezeka zaidi ya mara mbili. Bibi ameanza kuchuchumaa nusu akishikilia meza, na kila akizoea tutamshusha zaidi.

Daktari Claudio Gil Araújo wa Brazili ana kipimo cha kuketi chini na kuinuka. Alama kamili ni 10. Mkono au goti likigusa sakafu unapoteza 1, ukiyumba unapoteza nusu. Mwaka 2012 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya watu 2,002 wa miaka 51 hadi 80, na waliopata alama chache ndio waliokufa zaidi katika miaka iliyofuata. Mimi nataka kujua alama hizo zinasemaje kwa watu walioketi chini maisha yao yote, mfano wazee wa wilaya za Hai au Rombo huku Kilimanjaro. Ndilo andiko la utafiti linaloninyima usingizi, na bado sehemu ya bajeti sijaigusa.

Kesho mafunzo ya vitendo ni ya mkekani. Kuna aliyeniuliza kama itatoka kwenye mtihani. Itatoka.